Mlio Ulio Chini ya Ngoma

Wimbo wao wa kwanza ulikuwa umewachezesha hata wenye magongo, na kila mtu aliulizia ule mlio mzito unaokwaruza chini ya ngoma. Mwimbaji mwenyewe hakujua ulitokana na nini. Siku waliyokutana kurekodi wimbo wa pili kwa mlio uleule, alimwambia kaka yake, fundi wa studio, "Leo uuvue nguo huo wimbo, niuone mifupa."

Kaka akacheka. Akazima gitaa, akazima kinanda, akazima ngoma na sauti ya dada mtu.

Ukabaki mlio peke yake: khuu, kisha kohozi likiteleza polepole, likikwama, likipanda tena.

Dada aliujua ute ule. Kwa miezi mitatu aliufuta kwa kitambaa kwenye kidevu cha marehemu baba yao.

"Nilimwekea simu ikirekodi chini ya mto," kaka alisema huku akitafuna karanga. "Chombo gani kitakupa utelezi kama huo? Mzee katuachia urithi, dada."

Dada akamgeukia. "Alikata roho nikiwa njiani. Uliniambia hakusema kitu."

"Alisema neno moja, katikati ya vikohozi. Nililikata, maana lilikuwa linaharibu mdundo."

"Neno gani?"

"Jina lako. Usininunie basi. Simama kwenye maiki, tuanze."

Akabonyeza kitufe. Kikohozi kikaanza kuzunguka na kujirudia, na dada akautazama kwa kinyaa mguu wake mwenyewe, ukigonga sakafu kukifuata.