Doa Jekundu

Doa lile lilikataa kutoka. Kila Mwanahawa alipoiendesha upya hesabu kwenye kompyuta, maji ya kupozea yalipita vizuri kati ya fimbo zote za urani ndani ya kinu cha nyuklia, isipokuwa kwenye pembe moja, ambako yalizubaa na kuchemka. Hapo ndipo skrini ilipoiva nyekundu.

"Wageni wanafika mchana huu," alifoka Mkurugenzi Lugome, amemsimamia nyuma ya kiti. "Sitaki kuona nyekundu."

"Basi tupange fimbo upya, Mkurugenzi. Joto halina habari na wageni."

"Usinifundishe kazi, binti. Hicho kipimo cha rangi, kipandishe."

Alitaka nyekundu ianzie kwenye joto kubwa zaidi, ili joto lilelile sasa lionekane buluu. Wenzake Mwanahawa wakainamia meza zao. Mwanahawa akauma meno, akabonyeza. Doa likawa njano, likawa kijani, likazama kwenye buluu tulivu.

"Umeona?" Lugome akacheka. "Salama salimini."

Mwanahawa akasogeza kiti kumpisha. "Basi weka kidole pale palipokuwa pekundu."

"Upuuzi gani huu? Ni kioo tu."

"Ni kioo tu, mzee. Weka."

Lugome akanyoosha mkono kwa hasira. Kidole kikaenda moja kwa moja hadi karibu na ile buluu, kisha kikasita, upana wa ukucha tu kutoka kwenye kioo baridi, na hakikugusa wala hakikurudi.