Nduguye Mti wa Homa

Mtafiti aliweka majani mawili kiganjani. Moja lilikuwa kavu, la mti wa homa uliokwisha kutoweka msituni. La pili lilikuwa bichi, kalichuma sasa hivi kwenye ua wa miti unaozunguka nyumba ya mganga, Bi Mwanamisi.

"Bibi, mti huu wa ua wako na ule wa homa ni ndugu, ukoo mmoja. Huenda hata dawa ni moja."

"Huu huu?"

Masika yaliyopita, mjukuu wake aliposhikwa na homa, Bi Mwanamisi aliutafuta mti wa homa msitu mzima, akarudi mikono mitupu. Kuni zilizochemsha maji ya kuoshea maiti ya mjukuu huyo zilikatwa kwenye ua huo.

Maisha yake yote hakuchimba mzizi wa dawa bila kuupigia mti hodi. Ua alikuwa akiufyeka tu.

Mtafiti alipoondoka, Bi Mwanamisi alipiga magoti mbele ya ua.

"Hodi," akasema, akasubiri.