Mahali Bahari Ilipoila Barabara

Shekue alisimamisha pikapu mbele ya kizuizi. Nyuma, juu ya kitanda cha kamba, mkewe Rukia alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana.

"Huna kibali, na huko mbele bahari imeila barabara," mlinzi alisema. "Gari halipiti."

"Ndugu yangu, zahanati iko ng'ambo ya pili. Mke wangu ananifia!"

Mlinzi alichungulia nyuma. Rukia hakuwa akilia tena. Alikuwa ameng'ata kanga tu. Mlinzi akavua viatu, akakunja suruali.

"Wewe shika kichwani, mimi nitashika miguuni."

Wakaingia majini na kitanda mabegani. Kila wimbi lilipowapiga kiunoni, Shekue alimwita mkewe kwa jina, akasikiliza kama ataitika.