Kamba ya Mwakani

Siku ya mitaa kuvutana kamba, kutwa nzima Mize hakutulia. Alikaa, akasimama, akaikagua tena kamba aliyoisokota kwa makumbi ya nazi. Desturi ya mji ilikuwa hivi: mtaa ulioshindwa kuvuta ndio usokote kamba ya mwaka unaofuata. Mwaka uliopita mtaa wake, Bondeni, walikuwa wameshindwa, na kati yao wote aliyekumbuka kusokota ni yeye peke yake.

Jua likiinama ndipo akatokea Hidaya, kiongozi wa wapinzani wao wa mtaa wa Mlimani, amevaa nguo za harusini.

"Wenzio wako wapi?" Mize aliuliza.

"Hawaji, shoga yangu. Semeni mmeshinda nyinyi, yaishe."

Mize alikuwa akiungoja ushindi huo tangu usichana wake. "Nikishinda, mwakani atasokota nani? Wewe?"

Hidaya akaitazama mikono yake yenye hina.

"Basi shika. Vuta."

Hidaya akacheka, akaishika ncha kwa vidole viwili. Kabla kamba haijakaza, Mize akatembea mwenyewe, akauvuka mstari uliochorwa mchangani.

"Tumeshindwa," alisema, akiizoa kamba harakaharaka. "Niache nikafukie makumbi mengine matopeni, yalainike kwa kamba ya mwakani, kabla maji hayajajaa."