Meno ya Fundi Kizito

Katika kiwanda cha unga, masikio ya Fundi Kizito yalistaafu kabla yake, na leo meneja aling'amua. Akamsogelea, akampigia ukelele sikioni: "Mzee wangu, fundi asiyesikia mtambo atautibu vipi? Niambie kinu kinaumwa wapi, la sivyo ukapumzike nyumbani!"

Kizito alichomoa bisibisi ndefu, akasimamisha ncha yake juu ya beringi ya kwanza ya kinu kilichokuwa kikizunguka, mpini akauuma kwa meno yake manne yaliyobaki, akafumba macho.

"Jamani, njaa imemzidi!" akasema Mama Siwema, mshona magunia. "Fundi, ngoja tukusongee ugali!"

Watu wakacheka. Yeye hakusikia hata neno, raha mustarehe. Akahamia beringi ya pili, kisha ya tatu, na hapo mkwaruzo wa ndani ukapanda kwa bisibisi hadi menoni, kidevu kikamtetemeka.

"Hii. Gololi moja ndani yake imepasuka."

Wakazima kinu, wakafungua. Gololi ilikuwa vipande viwili.

Meneja akaigeuzageuza kiganjani. Kisha akaichukua bisibisi, akaifuta mate kwa shati lake jeupe, akaisimamisha kwenye kinu cha pili kilichokuwa kikinguruma, na taratibu akafungua kinywa.