Hita Juani

Jua lilikuwa la utosi, madirisha yote manne wazi, na dada mtu akafungulia hita mpaka mwisho.

“Una wazimu?” Kaka yake akaruka kitini. Hewa ya moto ilimpiga magotini kama aliyefungua mlango wa tanuri. “Tunaiva humu ndani!”

“Hita inanyonya joto la injini, kaka. Bila hivyo gari litachemka hapa hapa, na hutafika.”

Akamwonyesha mshale wa joto. Ulikuwa umevuka nusu na bado unapanda. Mbele yao foleni ilikuwa imelala barabara nzima, lori nyuma ya basi, basi nyuma ya lori, kila moja na honi yake.

Kaka mtu akavua koti la safari, akalitupa kiti cha nyuma juu ya begi. Walikuwa wanatoka uwanja wa ndege, na hospitali aliyolazwa mama yao ilikuwa upande wa pili wa mji. Daktari alishasema ni suala la siku. Mara tatu kaka alikuwa ameahirisha safari: kikao, mtoto ana homa, kisha kikao tena. Sasa alikuwa na neno moja tu la kumwambia mama, nalo ni nisamehe, na alitaka mama alisikie akiwa hai.

Hata baba yao alipofariki, kaka mtu alichelewa. Alijilaumu mpaka akaacha kula, akakonda akabaki mifupa mitupu, na mwisho ikabidi alazwe yeye. Aliponea chupuchupu.

“Ameniulizia?”

“Jana jioni alikuulizia.”

“Na leo?”

Dada mtu alikuwa anatazama lori la mbele. “Leo hakusema kitu.”

“Hebu piga hospitali.”

“Simu yangu imezima. Yako je?”

“Laini ya kule haishiki huku.”

Macho ya dada yalikuwa mekundu. Pale uwanjani alisema ni vumbi, na kaka akakubali haraka haraka, maana hakuwa na nafasi ya kuhangaikia macho ya mtu mwingine.

Foleni ikasogea. Dada akabaki nyuma, akaacha nafasi ya gari zima. Kigari cheupe kikajipenyeza. Kikafuata na kingine.

“Unawapisha watu wewe! Leo hii?”

“Nikimganda wa mbele, injini haipati upepo.”

Kila alichoulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na maana yake. Hilo ndilo lililomchoma kaka mtu kuliko hita. Miaka miwili dada huyu ndiye aliyekuwa akimwogesha mama, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, huku kaka anatuma salamu. Hakuwahi kulalamika hata siku moja. Lakini asiyelalamika naye ana kifua, na vifua hujaa.

Mshale ukagusa nyekundu. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Dada akakata kona, akaingia kituo cha mafuta, akazima injini.

“Kimbia kanunue maji, kaka. Chupa kubwa.”

Kaka akatoka mbio, tai imemrukia begani. Mhudumu wa pampu akaja, akafungua boneti, akachungulia.

“Dada, mbona tatizo lenyewe dogo? Feni ya kupoza injini haizunguki. Waya wake umechomoka, huu hapa unaning'inia. Ngoja nikuchomekee.”

“Acha!” Akamdaka mkono. “Usiguse. Na huyo ndugu yangu akirudi, usimwambie.”

Mhudumu akamtazama. Akamtazama na yule kaka anayekuja mbio, chupa ameikumbatia kifuani, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye pampu yake. Kweli kuna watu wana roho mbaya, alijisemea.

Wakasubiri rejeta ipoe. Kifuniko hakifunguliwi kikiwa cha moto, alisema dada, mvuke utakubabua uso. Kaka akalizunguka gari, akalipiga tairi teke, akamtukana fundi wa gari asiyemjua, mwisho akamtukana na dada yake. Dada akamimina maji kidogo kidogo bila kuinua kichwa.

Walipofika hospitali jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Kaka mtu alipanda ngazi mbili mbili. Nesi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kama aliyekuwa anawangoja.

“Pole, kaka yangu. Mama ametutoka sasa hivi tu. Mngewahi kidogo, mngemkuta.”

Akaanguka magoti penye miguu ya kitanda, akaufukia uso kwenye shuka, akalia kwa sauti kama mtoto. Alipoinuka, alikuwa amefura kwa hasira, na kidole chake kilikuwa kimeshamwelekea dada.

“Ni wewe! Wewe na hilo kopo lako! Mimi nilikuja, umenisikia? Nilikuja! Mama amekufa ananisubiri, na wewe uko barabarani unapisha magari! Sikusamehe mpaka naingia kaburini!”

Akatoka, akaazima simu ya mlinzi ampigie shangazi yao, na korido nzima ikamsikia: ni gari lake, shangazi, ni gari lake huyu.

Dada mtu alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono bado ina weusi wa boneti. Alisikiliza mpaka mwisho. Nesi akaurudisha mlango taratibu.

“Nimemwambia vile ulivyoniomba kwenye simu,” akanong'ona. “Lakini mama amekata roho asubuhi, kabla hata ndege ya kaka yako haijatua. Watu wa mochwari wameshakuja mara mbili nikawarudisha. Niwaite sasa?”