Ampea Tisa

Swichi zote za stoo zilikuwa zimezimwa, lakini kipimo cha Elkana bado kilisoma ampea tisa.

"Kuna mwizi," alisema.

Bi Jalila, meneja wa duka, alikunja mikono. Skana thelathini za kusomea bei zilikuwa zimefika dukani hapo Mishomoroni tangu juzi na zilikuwa zingali kwenye maboksi. Elkana alipewa kazi ya kuchora njia za waya na kupanga soketi za kuzichajia kwenye ukuta wa nyuma.

"Laini hii ina mtu," alisema. "Waya wenyewe mkuukuu. Nikiongeza chaja thelathini juu yake utaungua. Sichori kitu mpaka nimjue."

"Basi mjue kabla ya saa saba. Nikirudi huna mchoro, naita fundi mwingine."

Elkana alifumba macho. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kuanza jambo bila kuomba. Bwana, mfichue leo hii. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mlinzi.

Mwarandu alikuwa amelinda duka hilo miaka minane. Kutoka chini ya kiti cha mlinzi huyo, Elkana alivuta birika la umeme.

"Hili linakula ampea tisa."

"Lilikufa tangu Ramadhani hilo. Lichomeke uone."

"Ulilichomoa uliponiona naja. Tunawajua nyinyi."

"Sisi kina nani?" Mwarandu aliuliza taratibu.

"Wezi."

"Bwana fundi, mimi hapa nachaji simu tu. Mwenye kipimo si wewe? Pima."

Elkana hakupima. Alilibeba birika hadi ofisini na kuliweka juu ya meza ya meneja. Mwarandu alimfuata nyuma.

Bi Jalila alilitazama birika, kisha akamtazama mlinzi. "Mzee, wallahi nilikuheshimu. Vua koti la kazi. Funguo ziweke hapo."

"Miaka minane, Bi Jalila. Hata kulichomeka tu hamtaki?"

"Toka."

"Ukitubu, Mungu atakusamehe," alisema Elkana.

"Na wewe utamwomba kwa uso gani?"

Mwarandu alivua koti, akalikunja vizuri kama la mtu mwingine, akapita katikati ya wateja akiwa na fulana ya ndani. Hakuna aliyemsalimia.

Elkana alirudi stoo na karatasi yake. Saa saba kasorobo. Aliubana tena waya kwa kipimo chake ili aandike sifuri na kuanza kuchora. Kikasoma tisa.

Alifuata waya kwa hasira, akisukuma magunia. Nyuma ya rafu ya unga, waya mweusi ulichepuka kabla ya kufika kwenye swichi, ukapenya tundu la ukutani.

"Kumbe alikuwa na waya wa pili," alinung'unika. Hakujiuliza ulikwenda wapi. Alilegeza skrubu, akauchomoa.

Ng'ambo ya ukuta, kanisani kwao, maombi ya mchana yalikuwa yamepamba moto. Mchungaji alikuwa akimshukuru Mungu kwenye spika kwa miaka miwili ya umeme usioleta bili, na kwa mtumishi wake aliyewatundikia taa zote bure, Mzee Elk—